Faharasa ndiyo tiba ya hifadhidata inayokawia

Kompyuta ikikawia kutoa jibu, lawama hutupiwa mashine, na wakuu wa afisi huanza kusaka fedha za kununua nyingine. Aghalabu kasoro imo katika hifadhidata iliyokosa faharasa, au yenye faharasa isiyolingana na maswali inayoulizwa.

Faharasa ni orodha iliyopangwa, inayoonyesha kila rekodi ilipo. Bila hiyo, programu hulazimika kulisoma jedwali zima, mstari baada ya mstari. Orodha iliyopangwa ya rekodi 1,000,000, ikigawanywa nusu kwa nusu, humfikisha mtafutaji kwa hatua zipatazo 20. Mti wa B, muundo ulioelezwa mwaka wa 1972 na Rudolf Bayer na Edward McCreight wa kampuni ya Boeing, hubeba mamia ya funguo katika kila kifundo, na hatua hupungua hadi tatu au nne.

Masijala za ardhi ziliyajua haya kabla ya kompyuta. Rejesta hupangwa kwa nambari ya shamba. Mjane anayejua jina la marehemu mumewe tu, bila nambari, hafaidiki na mpangilio huo, na urithi wa watoto wake waweza kukwama hapo. Ndiyo maana kifungu cha 7 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataka kila masijala iwe pia na faharasa ya majina ya wamiliki kwa taratibu za alfabeti.

Kaunti ya Bungoma inatoa mfano bora wa faharasa ya safu kadhaa. Shamba hutambulishwa kwa jina la eneo la usajili kisha nambari, kwa mfano East Bukusu/South Kanduyi au Ndivisi/Muchi, halafu tarakimu. Faharasa iliyopangwa hivyo humjibu upesi anayetaja eneo. Anayetaja nambari pekee haimfai, kwani nambari 250 yaweza kuwepo katika kila eneo.

Majina nayo yana mitego yake. Wabukusu huwaita watoto kwa majira: Wekesa huzaliwa wakati wa mavuno, Nafula wakati wa mvua, Wanjala wakati wa njaa. Faharasa ya jina hilo moja huleta rundo la rekodi, na nafuu yake ni ndogo. Jina likiunganishwa na nambari ya kitambulisho, rundo hubaki rekodi chache. Tena, anayeuliza majina yanayoishia na "njala" huipoteza faida yote, sababu orodha imepangwa kwa herufi za mwanzo.

Hata hivyo, faharasa hugharimu. Viungani mwa Kitale, mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa vipande vingi baada ya Uhuru. Kila kipande kipya kinahitaji rekodi yake, na kila faharasa iliyopo lazima irekebishwe papo hapo. Jedwali lenye faharasa kumi husomwa haraka lakini huandikwa kwa kujikokota.

Kwa hiyo fundi mwangalifu huanza kwa kukusanya maswali yanayoulizwa mara nyingi. Katika MySQL na PostgreSQL, amri ya EXPLAIN humwonyesha njia ambayo programu inakusudia kufuata: iwapo italisoma jedwali zima au itapitia faharasa. Faharasa ambayo haiguswi na swali lolote huondolewa.