Trevor Huddleston na Miaka Minane ya Kusini

Ukitoka Chikongola mjini Mtwara ukashika barabara ya Masasi, unaingia nchi ambayo Uanglikana wake ulianzishwa na watu waliowahi kuuzwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) alitoka Unguja na msafara wa watumwa walioachwa huru, wakapitia Lindi, wakajenga kijiji Masasi. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika misheni hiyo. Alihudumu Chitangali, karibu na Newala. Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alikuwa Mwingereza. Waliomfuata nao wakawa Waingereza.

Trevor Huddleston aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Masasi Novemba 1960. Wanaomkumbuka hukimbilia Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg alikofika mwaka 1943, na wana haki. Hapo aliwapinga makaburu waziwazi. Februari 1955 polisi wapatao 2,000 walianza kuwahamisha wakazi kwa nguvu, naye alikuwa miongoni mwa wapinzani wakuu wa uhamisho huo. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ilipotaka shule za misheni ziwe chini ya serikali ya ubaguzi, aliona heri shule ya St Peter's, aliyokuwa akiisimamia, ifungwe. Oliver Tambo, kiongozi wa baadaye wa ANC, aliwahi kufundisha hapo. Shirika lake la watawa likamrudisha Uingereza.

Huko njia yake ikakutana na ya Mwalimu Nyerere. Tarehe 26 Juni 1959 wote wawili walihutubia mkutano wa London uliozindua kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, iliyozaa Vuguvugu la Kupinga Ubaguzi wa Rangi. Mwaka uliofuata mmoja alikuwa Waziri Kiongozi wa Tanganyika, mwingine askofu wa Masasi.

Kusini alikuta umaskini wa namna nyingine. Mpango wa karanga wa Waingereza ulikuwa umekwisha kuanguka. Mtwara ilibaki na bandari yenye kina kirefu, na reli iliyojengwa kubeba karanga ikang'olewa mapema miaka ya 1960. Misheni ndiyo iliyokuwa ikiendesha hospitali za Mkomaindo na Lulindi, na shule ya Chidya. Mtu aliyezoea umati na magazeti sasa alijifunza Kiswahili, akatembelea mitaa ya mbali, akahangaikia dawa na walimu. Na serikali mara hii haikuwa adui. Ilitaka watoto wa Kiafrika wasome zaidi, na Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, siasa ya ujamaa ilimvutia.

Mpaka wa kusini wa dayosisi yake ni Mto Ruvuma. Ng'ambo, huko Mueda, Msumbiji, Wareno walikuwa wamewamiminia risasi waandamanaji wa Kimakonde tarehe 16 Juni 1960. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kilipoanza vita Septemba 1964, wakimbizi walivuka mto kwa maelfu. Wengi walikuwa Wamakonde, ndugu wa waumini wa Newala na Mtwara kwa lugha na ukoo. Vita dhidi ya ukoloni havikuwa tena mada ya jukwaani London.

Kwangu mimi, hata hivyo, tendo lake kubwa la haki huku kusini ni kuondoka. Aliamini askofu wa Waafrika katika nchi huru awe Mwafrika, na mwaka 1968 akakiachia kiti. Hilary Chisonga, Mwafrika, akakikalia. Tangu Majaliwa apewe ukasisi ilikuwa imepita miaka 78, na kanisa lililoanzishwa na watu waliokombolewa halina budi kuulizwa lilichelewa kwa nini.

Huddleston alikwenda Stepney, London, kisha Mauritius. Kuanzia 1981 aliliongoza vuguvugu lile alilolizindua na Mwalimu, akaishi kuiona Afrika Kusini ikipiga kura mwaka 1994. Alifariki Aprili 1998, na majivu yake yakazikwa Sophiatown, kando ya kanisa la Kristo Mfalme.

Watoto aliowapa kipaimara Masasi, Newala na Mtwara sasa ni wazee. Kama yumo mmoja nyumbani kwenu, kaa naye, uandike anayoyakumbuka kabla hajatutoka.