Mwanafunzi wa Ng'ambo na Maana ya Maneno

Wahenga walinena kuwa ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Kwa msafiri wa siku chache shauri hilo lafaa. Kwa mwanafunzi akaaye ng'ambo miaka kadhaa lina hatari. Yeye hatakiwi kusema lugha ya wenyeji tu, bali pia kufikiri na kujenga hoja kwa desturi yao. Akishindwa, hudhaniwa hana akili; akifaulu mno, huenda akarudi kwao asieleweke.

Historia ya Julius Nyerere yaonyesha njia ya tatu. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akalelewa katika Kizanaki. Kiingereza alikipata shuleni. Alipokuwa Makerere, nchini Uganda, aliandika insha juu ya hali ya wanawake wa Kizanaki, akiipima kwa mawazo ya John Stuart Mill. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akasoma historia, uchumi, falsafa na fasihi ya Kiingereza, akapata shahada mwaka 1952. Katika masomo ya namna hiyo, jamii, mali na uhuru yalikuwa maneno yaliyojengwa juu ya historia ya Ulaya, yenye mabwana wa ardhi, viwanda na matabaka yake. Mzanaki aliyeyatumia ilimpasa ama aisahau historia ya kwao, ama atafute neno lake mwenyewe.

Neno hilo alilipata. Mwaka 1962 aliandika kuwa usoshalisti wa Afrika hauhitaji kuanzia katika ugomvi wa matabaka. Waanzia katika ujamaa, yaani undugu wa watu wa ukoo mmoja. Kisha akayageuza pia maneno ya wageni yaingie nyumbani. Mwaka 1963 ilichapwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Bepari asili yake ni mfanyi biashara. Lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hilo lilikwisha kunuka unyonyaji. Hivyo mchezo wa kale ukasema na nchi changa.

Hata hivyo maana haikai mikononi mwa msomi peke yake. Katika miaka ya 1970 wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini, na ujamaa wakaujua kwa amri kuliko kwa undugu. Mtihani wa kwanza wa mwanafunzi wa ng'ambo husahihishwa na walimu wa kigeni. Wa mwisho husahihishwa na watu wa kwao.