Wanasesere wa mitindo: Nani ana nafasi katika nyumba ya Barbie?

Mwaka 1997, kampuni ya Marekani ya Mattel ilimtoa Becky, rafiki wa mwanasesere mashuhuri Barbie, akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Kasoro haikukawia kugunduliwa: kiti hicho hakikuweza kuingia katika lifti ya nyumba ya Barbie. Mgeni alikuwa amekaribishwa katika nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake.

Wanasesere wa mitindo ni wale wenye umbo la mtu mzima, wanaobadilishwa nguo na mapambo. Barbie, aliyebuniwa na Ruth Handler, alizinduliwa New York tarehe 9 Machi 1959, akiwa na ngozi nyeupe na kiuno chembamba mno. Mwaka 1968 alifuata Christie, mwenye ngozi nyeusi, lakini naye alikuwa rafiki tu. Mwanasesere mweusi wa kwanza kubeba jina la Barbie lenyewe alitoka mwaka 1980, akiwa ni kazi ya mbunifu Kitty Black Perkins.

Nafasi anayopewa mwanasesere mchezoni ina uzito wake. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonesha watoto weusi wanasesere weupe na weusi, na wengi wakamchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 ya Mahakama ya Juu iliyopinga utengano wa rangi katika shule za umma nchini Marekani.

Barani Afrika, Taofick Okoya wa Nigeria alianzisha mwaka 2007 wanasesere wa Queens of Africa, wanaowakilisha Wahausa, Waigbo na Wayoruba. Hao si marafiki wa mtu mwingine. Wao ndio wahusika wakuu.

Mattel nayo iliongeza maumbo matatu mapya ya mwili mwaka 2016. Mwaka uliofuata ilimtangaza mwanasesere mwenye hijabu, aliyefananishwa na Ibtihaj Muhammad, mshindi wa medali ya Olimpiki katika mchezo wa upanga. Mwaka 2019 alikuja Barbie mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, safari hii akiwa na njia ya mteremko ya kumwingiza nyumbani. Kati ya Becky na mteremko huo ilipita miaka 22.