Kidaka: Kabati la Bibi Zetu Lisilokula Nafasi

Bi harusi anayehamia Ndandalo, kule Kyela kwenye ukanda wa Ziwa Nyasa, huenda akakuta choo na bafu ni chumba kimoja kidogo. Akiingiza kabati humo, hana pa kusimama kutia udhu. Kabla hatujakimbilia dukani, tuangalie bibi zetu wa pwani walifanyaje.

Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti zilikuwa fupi, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Kuta nazo zilikuwa nene, kama nusu mita. Basi mafundi waliichukua nafasi ndani ya ukuta wenyewe: wakaacha vishimo vyenye tao, ndivyo vidaka, au zidaka kwa Kiamu. Jambo hili ni la kale. Hata magofu ya Gede karibu na Malindi, mji uliostawi karne ya 15, yana vidaka vya taa.

Chumbani kwa mwanamke wa Lamu zidaka zilipangwa safu kwa safu, zikanakshiwa na kuwekwa vyombo vya kaure kutoka China. Chooni kulikuwa na birika la maji pembeni, na kata ya kuchotea. Sakafu ilibaki wazi, rahisi kumwagiwa maji. Kwetu sisi hilo si urembo tu. Kitu kilichoinuliwa ukutani hakirukiwi na najisi, na nguo ya kuswalia hubaki tohara.

Kule Kyela ujenzi wa asili ulikuwa wa mianzi, na ukuta wa mianzi hauna unene wa kuacha kidaka. Vitu viliwekwa kwenye vyungu vya wanawake wa Kikisi, wafinyanzi hodari wa ufukweni, au vilitundikwa. Leo nyumba nyingi za huko ni za matofali ya kuchoma, na hapo ndipo hekima ya Lamu inapofaa.

Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi mapema. Ukuta wa tofali la kulaza unaweza kuachiwa kidaka chenye kina cha nusu tofali: kinatosha sabuni, mswaki na chupa ya mafuta. Juu yake iwekwe linta, chini pawe na mteremko kidogo ili maji yasituame, na ndani pasakafiwe vizuri. Ukuta mwembamba usitobolewe. Tundika rafu ya kona. Na kidaka kimoja kiwe nje ya mlango, cha kuwekea pete au mkufu wenye jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kuingia.

Mahari na vyombo huzungumzwa sana kabla ya ndoa. Na choo nacho tukizungumze, maana swala zetu tano huanzia pale.