Wendie Renard

Wendie Renard (alizaliwa 20 Julai 1990, Schœlcher, Martinique) ni mwanasoka wa Ufaransa anayecheza nafasi ya beki wa kati. Amejijengea jina katika klabu ya Olympique Lyonnais, ambayo alitwaa nayo Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mara nane, na katika timu ya taifa ya Ufaransa, ambayo aliiongoza kwa miaka mingi akiwa nahodha. Ana kimo cha mita 1.87.

Maisha ya awali

Renard ni kitinda mimba katika familia ya mabinti wanne. Alikulia Le Prêcheur, kijiji cha pwani kaskazini mwa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa. Baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu Wendie akiwa na umri wa miaka minane. Alianza soka akicheza na wavulana. Alipofikia umri wa kuingia kituo cha kulea vipaji, alivuka bahari, safari ya karibu kilomita 7,000, kwenda kufanya majaribio katika kituo cha soka cha Clairefontaine, na huko hakuchukuliwa. Lyon ilimpokea mwaka 2006, naye akaanza maisha mapya mbali na mama yake na kisiwa chake akiwa bado kijana mdogo.

Klabu

Lyon ilitwaa ubingwa wa Ufaransa mara 14 mfululizo kuanzia 2007 hadi 2020, na Renard alikuwemo katika safari hiyo yote. Barani Ulaya mambo yalianza kwa machungu: fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2010 ilipotea kwa mikwaju ya penalti mbele ya Turbine Potsdam. Mwaka uliofuata timu hizo zilikutana tena, safari hii London, na Renard ndiye aliyefunga bao la kwanza katika ushindi wa 2-0. Lyon ilinyakua tena kombe hilo mwaka 2012, kisha mara tano mfululizo kutoka 2016 hadi 2020, na tena 2022 kwa kuifunga Barcelona 3-1 mjini Turin. Mwaka huohuo wa 2022 Renard alikuwa mchezaji wa kwanza kufikisha mechi 100 katika mashindano hayo.

Timu ya taifa

Aliichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, na miezi michache baadaye akawa katika kikosi kilichoshika nafasi ya nne kwenye Kombe la Dunia nchini Ujerumani. Unahodha alivuliwa mwaka 2017 chini ya kocha Corinne Diacre, akarudishiwa mwaka 2021.

Kombe la Dunia la 2019, lililofanyika Ufaransa, lilimwonyesha kwa pande zote. Katika mechi ya ufunguzi dhidi ya Korea Kusini alifunga mabao mawili ya kichwa. Dhidi ya Norway alijifunga, ingawa Ufaransa ilishinda 2-1. Dhidi ya Nigeria penalti yake iligonga mwamba na kutoka nje. Video ikaonyesha kuwa kipa Chiamaka Nnadozie alitoka kwenye mstari kabla ya mpira kupigwa. Penalti ikarudiwa. Renard aliuchukua mpira tena, akafunga bao pekee la mechi. Katika robo fainali alifunga kwa kichwa, lakini Marekani ilishinda 2-1.

Februari 2023 alitangaza kujiondoa timu ya taifa, akisema hawezi tena kuunga mkono mfumo uliokuwepo na kwamba alihitaji kulinda afya yake ya akili. Marie-Antoinette Katoto na Kadidiatou Diani walichukua hatua kama hiyo. Machi mwaka huo shirikisho lilimwondoa Diacre na kumwajiri Hervé Renard, ambaye si ndugu yake. Nahodha alirejea, na katika mechi ya Kombe la Dunia la mwaka huo iliyochezwa mjini Brisbane akaifunga Brazil dakika ya 83 kwa kichwa kutokana na kona, Ufaransa ikashinda 2-1. Alikuwemo pia katika kikosi cha Michezo ya Olimpiki ya Paris 2024.

Uchezaji na nafasi yake katika soka

Kimo chake kinampa ubingwa wa mipira ya juu, lakini hakielezi kila kitu. Renard huusoma mchezo mapema, hivyo mara nyingi hufika penye hatari kabla ya mshambuliaji bila kulazimika kukimbizana naye. Kwenye kona huchelewa kidogo, kisha huingia kwa kasi nguzo ya mbali na kuupiga mpira akiwa juu ya mabeki wote. Kwa kawaida beki hukumbukwa anapokosea. Yeye anakumbukwa kwa mechi alizoamua. Mabao yake kwa Ufaransa yamezidi 30, idadi ambayo washambuliaji wengi wa kimataifa hawaifikii. Kwa mataji, uthabiti na ujasiri wa kusema ukweli mbele ya wakubwa, Wendie Renard ni miongoni mwa mabeki bora kabisa katika historia ya soka ya wanawake.