Kutoka Silinda ya Sumaku hadi Saraka: Historia ya Kuorodhesha Faili katika Kidhibiti cha Roboti ya Kiwandani

Historia ya roboti za viwandani aghalabu husimuliwa kwa kufuata mkono wa mashine: uzito unaouinua, kasi yake na idadi ya viungo vyake. Mkabala huo huacha kando swali la msingi: ujuzi unaouongoza mkono huo ulihifadhiwa wapi, na ni nani aliyeweza kuukagua? Jibu linapatikana katika zana inayoonekana duni, yaani amri ya kuorodhesha faili.

Roboti ya Unimate, iliyotokana na hataza ambayo George Devol aliiomba mwaka 1954, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors karibu na Trenton, New Jersey. Hatua za kazi yake zilihifadhiwa katika silinda ya sumaku. Kumbukumbu hiyo haikuwa na faili zenye majina. Ili kujua kilichohifadhiwa, fundi alilazimika kuitazama mashine ikitenda. Ujuzi na tendo havikutenganishwa.

Mabadiliko yalidhihirika katika lugha ya VAL, iliyotumiwa na kampuni ya Unimation kuendesha roboti za PUMA kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Lugha hiyo ilikuwa na amri mbili zinazostahili kutofautishwa. Amri ya DIRECTORY ilionyesha programu zilizokuwamo katika kumbukumbu ya kidhibiti, ilhali LISTF ilionyesha faili zilizokuwamo katika diski. Jina LISTF lilikwisha kutumika katika mfumo wa kompyuta wa CTSS, katika Massachusetts Institute of Technology, mnamo miaka ya 1960. Kufanana kwa majina hakuthibitishi urithi wa moja kwa moja. Hata hivyo, kunaonyesha kwamba desturi za chumba cha kompyuta zilikuwa zimeingia karakana.

Tofauti ya orodha hizo mbili haikuwa ya kinadharia tu. Programu iliyofundishwa kwa saa nyingi, lakini isiyohifadhiwa katika diski, ingeweza kupotea pamoja na kumbukumbu ya kidhibiti. Fundi aliyelinganisha orodha hizo aliweza kubaini pengo hilo kabla ya hasara kutokea. Kwa hiyo, kuorodhesha kulikuwa tendo la kulinda kazi ya watu.

Vidhibiti vya FANUC vinaonyesha hatua nyingine. Kifaa kinachoitwa MD: huiwasilisha kumbukumbu ya kidhibiti kana kwamba ni diski, na mtumiaji aliye mbali huweza kuiorodhesha kwa itifaki ya FTP, ambayo chimbuko lake ni pendekezo la Abhay Bhushan la mwaka 1971. Katika orodha hiyo, programu moja huweza kuonekana mara mbili: kama faili ya TP inayotekelezwa na mashine, na kama faili ya LS inayosomeka na binadamu. Hivyo basi, orodha haiakisi tu yaliyomo ndani ya kidhibiti, bali pia huyafasiri kwa ajili ya msomaji fulani.

Kwa upande wa ABB, lugha ya RAPID, iliyoanza kutumika mwaka 1994, ina maagizo kama OpenDir na ReadDir. Kwa maagizo hayo, programu ya roboti yenyewe huweza kuisoma saraka bila fundi kuwapo.

Inafaa kuhitimisha kwa tahadhari. Ni kweli kwamba saraka iliutenga ujuzi na mkono uliofundisha, ikaufanya uwe hati inayoweza kunakiliwa, kuhamishwa na kufutwa. Hata hivyo, jina, ukubwa na tarehe ya faili havionyeshi iwapo programu inaafikiana na kifaa kilichofungwa kwenye mkono wa roboti siku hiyo. Uamuzi huo umebaki kwa fundi anayeijua karakana yake. Historia inayohesabu mashine pekee haiwezi kumwona fundi huyo. Historia ya orodha inaweza.