Redio ya sindano, redio ya namba

Ukitaja Kinyinya kwa vijana wa Kigali, watakuambia habari za Green City na nyumba mpya. Lakini kwa miaka 50 kilima kile kilikuwa kinasema na Afrika nzima. Deutsche Welle ilianza kurusha matangazo kutoka pale mwaka 1965, na baadaye ikawa na mitambo minne ya masafa mafupi, kila mmoja kilowati 250. Kiswahili, Kihausa, Kiamhara, Kifaransa, vyote vilipanda angani kutoka kwenye ile minara. Wimbi la masafa mafupi likipanda hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana, hata maelfu ya kilomita. Ndiyo maana kulikuwa na watu Ulaya na Marekani waliokesha wakiitafuta Kigali, wala si kwa ajili ya habari. Ni mchezo wao, wanauita DX: unasikiliza stesheni ya mbali, unaandika siku, saa na namna ulivyosikia, unatuma barua, stesheni inakujibu kwa kadi ya uthibitisho. Wengine wana kadi za Kigali na hapa hawajawahi kufika.

Hao watu wana ubishi usioisha: redio ya zamani au ya dijitali?

Ya zamani ni ile ya sindano. Unazungusha polepole, sindano inapita mita 49, mita 41, mita 31, na katikati unakutana na sauti ambazo hukuzitafuta. Wanaoipenda wanasema sauti yake ni nene na haichoshi sikio, na kweli. Fundi wa Nyamirambo anaifungua, anaona waya umekatika wapi, analehemu, yaani inapona. Ubaya wake, kwenye masafa mafupi stesheni zimebanana kama abiria wa Nyabugogo, unene wa kidole unakupeleka stesheni nyingine, na ikipata joto inahama yenyewe. Tena inakula mabuye makubwa. Nyumbani kwetu mabuye yakiisha yalianikwa juani ili yatoe habari za jioni moja zaidi.

Ya dijitali inaonyesha namba. Ukiambiwa saa na masafa, unabonyeza, umefika, na kesho utaikuta palepale. Chipu ndani inachuja kelele na kutenga stesheni mbili zinazogombana. Lakini chipu ikifa, fundi anaitazama tu. Na siku hizi sokoni kuna ujanja: redio ina sindano usoni kama ya babu, ukifungua ndani ni chipu tupu!

Mimi naona ya namba inashinda kwa kutafuta, ya sindano inashinda kwa kuishi na maskini. Kambi ina faida moja ambayo hao wa DX wa mjini wangeilipia: pasipo na umeme mwingi hewa ni safi. Chaja za simu, taa za LED, vifaa vya sola, vyote vinamwaga kelele kwenye masafa mafupi, na redio ya aina yoyote inaumia. Tulipopata sola tulipata mwanga, tukapoteza stesheni za mbali.

Kwetu sisi jambo hili halikuwa mchezo. Mwaka 1994, baada ya RTLM kutumia FM kuchochea mauaji, BBC ilianzisha Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kukutanisha familia, kwa ajili ya waliopotezana. Mtu alitega sikio asikie jina la mama yake. Sindano ikiteleza hapo, unapitwa na jina. Hapa Rwanda pia yatima waliobaki wakuu wa nyumba walipewa redio za Lifeline, za kuzungusha kwa mkono na za jua, zilizotokana na wazo la Mwingereza Trevor Baylis la mwaka 1991. Hazikuhitaji mabuye. Kwangu hicho ndicho kipimo, kuliko ubishi wote wa sindano na namba.

Halafu tazama tarehe hizi. Machi 28, 2015, Deutsche Welle ilizima mitambo ya Kinyinya. Aprili 22 mwaka huohuo kambi ya Mahama ilifunguliwa kwa ajili ya Warundi. Mei 13 na 14 stesheni binafsi za Bujumbura zilishambuliwa, RPA ikiwemo. Ndani ya wiki saba! Watu walivuka mpaka na redio begani wakati ambao sauti mbili, ya mbali na ya jirani, zilikuwa zinanyamaza. Waandishi wa Burundi waliokimbia walianzisha Inzamba, ikapita kwenye simu, rekodi zikitumwa kwa WhatsApp mtu kwa mtu.

Nasikia wenzangu wa mashirika wakisema simu imemaliza kazi ya redio. Kwa mwenye bando, sawa. Siku hizi hata DX inachezwa kwa intaneti: Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina redio ambayo yeyote anaizungusha kwenye kioo cha simu. Vijana wa kundi langu wanaipenda. Lakini bando likiisha, Twente imefungwa. Redio ya sindano haijui wewe ni nani, haiombi namba ya simu, na hakuna anayejua umesikiliza nini. Kwa mkimbizi hilo si dogo.

Kwenye kundi tuna mbili, moja ya kila aina. Tumefunga waya wa mita kumi kutoka dirishani hadi kwenye mparachichi, na kila jioni tunazima sola kwa saa moja. Ya namba inatafuta, mtoto anaandika masafa kwenye daftari, kisha ya sindano inafuata taratibu mpaka zote mbili zinasema neno lilelile.